Saa ya Jua kwa Kanisa, Msikiti au Shule Iliyo Karibu na Ikweta: Mwongozo Kamili

Wasomaji wa Kisumu, Maseno, Kakamega na Nakuru wameniandikia mara nyingi kuhusu jambo lile lile. Wameona picha ya saa ya jua iliyo kwenye ukuta wa kanisa kongwe au chuo cha kale cha Ulaya, wakaipenda, wakamtafuta fundi, wakachora na kupaka rangi kwa uangalifu mkubwa, kisha saa ikakataa kusema kweli. Kwa baadhi yao kivuli kilitoweka kabisa kwa karibu miezi sita. Kwa wengine kivuli kilikuwepo, lakini kilitangulia au kuchelewa kwa zaidi ya saa nzima, na hakuna marekebisho yaliyosaidia.

Kosa si la fundi wala la jua. Saa hizo zilinakiliwa umbo badala ya kanuni. Kanuni ni kwamba ufito unaotoa kivuli lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia, kwa hiyo mwinuko wake kutoka usawa wa ardhi hulingana na latitudo ya mahali, yaani nyuzi zake kutoka ikweta. Saa ya chuo cha All Souls huko Oxford, ya mwaka 1658, ina ufito ulioinama kwa nyuzi karibu 52, kwa sababu Oxford iko kwenye latitudo hiyo. Ibn al-Shatir, aliyekuwa mpima nyakati za sala wa Msikiti wa Umawiyya huko Damaski, alipotengeneza saa yake mwaka 1371 aliuinua ufito kwa nyuzi 33 na nusu. Kisumu iko takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi kusini mwa ikweta. Kwa hiyo hapa ufito haupandi: hulala.

Ukilielewa hilo, kazi inakuwa nyepesi kuliko ilivyo Ulaya, maana mistari ya saa haitawanyiki kama vidole bali hukaa sambamba, na hesabu yake inatoshea kwenye ukurasa wa daftari.

## Vifaa vinavyohitajika

Kusanya kila kitu kabla ya kuanza, kwa kuwa hatua kadhaa hazisubiri.

- Bamba la jiwe au la saruji laini, sentimita 50 kwa 45. Jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, huchongeka vizuri na mistari yake huonekana, ila hukwaruzika upesi. Mahali penye watoto wengi, terazo hudumu zaidi.
- Ufito wa chuma kisichoshika kutu, mviringo, unene wa milimita 6, urefu wa sentimita 50, ulionyooka kabisa.
- Nguzo mbili fupi za chuma bapa zenye matundu marefu ya skrubu, ili ufito uweze kupandishwa na kushushwa kidogo.
- Pima maji, timazi, skwea, rula ya chuma na futi ya kupimia.
- Ubao ulio sawa wa sentimita 60 kwa 60, msumari wa inchi 6, uzi wa katani na penseli.
- Saruji, mchanga na kokoto za nguzo ya kusimamishia, pamoja na vipande vyembamba vya bati vya kusawazishia.
- Simu yenye saa sahihi.

Unene wa ufito si jambo la kubahatisha. Jua si nukta, lina upana wa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo kila kivuli hufifia kikienda mbali. Waya wa milimita 2 hupoteza kiini cheusi cha kivuli chake baada ya sentimita 21 hivi, yaani pale pale kinapofikia mistari ya pembeni. Ufito wa milimita 6 hubaki na kiini hadi zaidi ya sentimita 60.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Tafuta sehemu ya uwanja inayopata jua tangu saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, mwaka mzima. Wengi huangalia siku moja tu. Kumbuka kwamba mwezi wa Juni jua letu hupita kaskazini na mwezi wa Desemba hupita kusini, kwa hiyo mti usiokusumbua leo unaweza kukusumbua baada ya miezi mitatu.

Mpango huu unaishia kwenye saa 2 na saa 10 kwa makusudi. Ukitaka saa 1 na saa 11 utahitaji bamba la upana wa sentimita 85, na mara nyingi mapaa na miti huziba jua la chini hivyo gharama haina faida.

Onyo: ikiwa jengo limetangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa, linalindwa na sheria ya mwaka 2006 inayohusu makavazi na urithi. Usitoboe ukuta wake wala kuchimba karibu na msingi kabla ya kupata idhini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Hata pale sheria haihusiki, zungumza kwanza na wazee wa kanisa, kamati ya msikiti au mwalimu mkuu.

## Hatua ya 2: Pata kaskazini halisi

Usitumie dira. Nondo zilizomo ndani ya zege, mabati ya paa na hata mlango wa chuma huivuta sindano, na isitoshe dira huonyesha kaskazini ya sumaku. Usitegemee pia kivuli cha adhuhuri peke yake, kwa kuwa karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua hupita utosini na msumari uliosimama wima hauna kivuli cha kupimwa.

Weka ubao mahali hasa palipochaguliwa, uusawazishe kwa pima maji, kisha upigilie msumari katikati ili uchomoze sentimita 12 hivi. Hakikisha kwa timazi kwamba umesimama wima. Kwa uzi na penseli chora duara tatu zenye kitovu kwenye msumari: nusu kipenyo sentimita 10, 15 na 20.

Asubuhi kivuli ni kirefu na hupungua. Kila ncha ya kivuli inapogusa duara, weka alama. Alasiri kivuli hurefuka upande wa pili. Weka alama tena kinapogusa duara zile zile. Unganisha alama mbili za duara moja kwa mstari ulionyooka. Mstari huo unaelekea mashariki na magharibi, na mstari unaoukata kwa skwea ndio kaskazini na kusini.

Duara tatu zinahitajika kwa sababu ya mawingu. Mtu yeyote aliyeishi Kisumu anajua jinsi alasiri inavyoweza kugeuka ghafla mawingu yanapojikusanya. Duara ndogo hukamilika mapema mchana, na huenda ikawa ndiyo pekee utakayoipata siku hiyo.

Utajua umefaulu ikiwa mistari ya duara mbili au tatu iko sambamba. Ikipishana waziwazi, ama ubao umeinama ama msumari hausimami wima. Rudia kesho yake. Hamishia mstari wa kaskazini na kusini kwenye vigingi viwili vya mbali, ili usipotee ubao ukiondolewa.

## Hatua ya 3: Jenga nguzo na usawazishe bamba

Jenga nguzo ya saruji ya kimo cha sentimita 90 hivi, ambacho mwanafunzi na mtu mzima wote wanaweza kukisoma bila kuinama sana. Chimba msingi hadi kwenye udongo mgumu. Katika tambarare za Kano na sehemu nyingine zenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, msingi wa juujuu utaiinamisha nguzo kabla ya mwaka kwisha. Mwagilia saruji maji kwa siku saba kabla ya kuweka bamba.

Hapa ndipo saa nyingi huharibika. Bamba likiinama nyuzi moja tu kuelekea mashariki au magharibi, yaani tofauti ya milimita 8 hivi katika upana wa sentimita 45, saa itakosea kwa dakika 4 zile zile, siku zote na saa zote. Tumia pima maji ndefu, uigeuze ncha ya kulia ije kushoto na kupima tena pale pale, kwa kuwa pima maji mbovu hudanganya upande mmoja na kujifichua inapogeuzwa.

Kwa upande wa kaskazini na kusini, sawazisha kwa kufuata latitudo. Kisumu bamba hulala sawa, kwa kuwa kinachohitajika hakifiki hata milimita 1. Nakuru ukingo wa kusini uwe juu kwa milimita 2 na nusu. Kakamega kiasi ni hicho hicho, ila huinuliwa ukingo wa kaskazini, na Eldoret ukingo wa kaskazini uwe juu kwa milimita 4 na nusu. Vipande vya bati chini ya bamba vinatosha kwa kazi hii.

## Hatua ya 4: Chora mistari ya saa

Chora mstari wa katikati wa bamba ukielekea kaskazini na kusini hasa. Huo ni wa saa 6. Mistari mingine yote iko sambamba nao, na umbali wake hupimwa kutoka mstari huo wa katikati. Kwa ufito ulio sentimita 10 juu ya bamba, umbali ni huu:

- saa 5 na saa 7: sentimita 2.7
- saa 4 na saa 8: sentimita 5.8
- saa 3 na saa 9: sentimita 10.0
- saa 2 na saa 10: sentimita 17.3

Ukitaka nusu saa, umbali wake ni sentimita 1.3, 4.1, 7.7 na 13.0. Hesabu yenyewe ni kimo cha ufito mara tanjenti ya nyuzi 15 kwa kila saa, kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Ukibadilisha kimo, umbali wote hubadilika kwa uwiano huo huo.

Saa za asubuhi huandikwa upande wa magharibi na za alasiri upande wa mashariki, maana kivuli hukaa mkabala na jua. Nimewahi kuona bamba zuri la jiwe lililochongwa kinyume, na jiwe halifutiki. Kwa hiyo andika kwa penseli kwanza, uache kivuli kipite juu yake siku nzima, ndipo uchonge.

Nashauri kwa moyo wote namba ziandikwe kwa hesabu ya Kiswahili. Saa za Ulaya huanza kuhesabiwa usiku wa manane, wakati ambao saa ya jua haiwezi kuuonyesha. Sisi huanza jua linapochomoza, na kwetu jua huchomoza na kutua kwa kipimo kile kile mwaka mzima, hivi kwamba kivuli kikifika kwenye namba 3, saa tatu hivi zimepita tangu jua lilipoonekana, uwe mwezi wa Juni au Desemba. Ni sehemu chache duniani ambazo namba, kivuli na siku vinakubaliana hivyo.

## Hatua ya 5: Funga ufito

Simamisha nguzo mbili fupi kwenye kingo za kaskazini na kusini za bamba, juu ya mstari wa saa 6. Funga ufito ili uwe sentimita 10 juu ya bamba, ukipima kutoka uso wa bamba hadi katikati ya unene wa ufito, si juu yake wala chini yake. Pima kwenye ncha zote mbili na katikati. Kosa la milimita 5 kwenye kimo huleta kosa la karibu dakika 6 kwenye saa 3 na saa 9.

Teremsha timazi kutoka kwenye ufito mahali pawili. Ncha yake lazima iguse mstari wa saa 6 kote kuwili. Kaza skrubu, lakini usipige welding wala kumwaga saruji sasa. Sababu yake inafuata.

## Hatua ya 6: Jaribu, tena usiharakishe

Saa ya jua haiwezi kulingana na simu moja kwa moja. Saa za Kenya zinafuata longitudo ya nyuzi 45, iliyo mbali mashariki mwetu, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kisumu iko kwenye nyuzi 34 na robo tatu, kwa hiyo jua letu huchelewa dakika 41. Juu ya hilo, mwendo wa dunia kulizunguka jua si sawasawa mwaka mzima na mhimili wake umeinama, hivyo adhuhuri hutangulia au kuchelewa zaidi kulingana na mwezi.

Kwa Kisumu, dakika za kuongeza kwenye saa ya jua ili kupata saa ya simu, katikati ya kila mwezi, ni hizi: Januari 50, Februari 55, Machi 50, Aprili 41, Mei 37, Juni 41, Julai 47, Agosti 45, Septemba 36, Oktoba 27, Novemba 26, Desemba 36. Eldoret punguza dakika 2, Nakuru punguza dakika 5.

Mfano: katikati ya Februari kivuli cha ufito kitalala juu ya mstari wa saa 6 pale simu inapoonyesha saa 6 na dakika 55. Katikati ya Novemba kitafika hapo saa 6 na dakika 26. Soma katikati ya kivuli, na usilitazame jua lenyewe hata kidogo.

Sasa sababu ya kuacha skrubu. Ufito ukiwa umekosea kaskazini kwa nyuzi 5, saa itasema kweli Machi na Septemba, kwa kuwa wakati huo jua husafiri juu ya mstari wa mashariki na magharibi na kosa hujificha. Mwezi wa Juni itakosea karibu dakika 9 wakati wa adhuhuri, na Desemba itakosea dakika hizo hizo upande wa pili. Watu wengi hujenga wakati wa likizo ya Aprili, wakajaribu, wakafurahi na kumimina saruji, kisha wakashangaa baadaye. Jaribu karibu na tarehe 21 Juni au 22 Desemba. Tofauti ikiwa ndani ya dakika 2 kwenye saa 3, saa 6 na saa 9, funga ufito moja kwa moja, chonga mistari, na ubandike kando yake kibao chenye jedwali la dakika.

Wengine hupenda kusogeza mistari ili dakika 41 ziingie humo humo. Mimi sipendi. Saa hupoteza ulinganifu wake, adhuhuri ya kweli haina tena mstari, na bado jedwali la miezi litahitajika.

## Ukilazimika kutumia ukuta

Saa za kale za Ulaya ziko ukuta wa kusini kwa sababu huko jua la mchana liko kusini siku zote. Huku ukuta wa kusini hukaa kivulini tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, na ukuta wa kaskazini hukaa kivulini miezi iliyobaki. Hiyo ndiyo siri ya kivuli kinachotoweka nusu mwaka.

Ukuta unaotazama mashariki ni bora. Ufito hulazwa sambamba na ukuta, sentimita 10 mbele yake, ukielekea kaskazini na kusini. Mistari ya saa ni ya kulala. Saa 12 iko usawa wa ufito, na nyingine hushuka kwa umbali ule ule wa Hatua ya 4: saa 1 kwa sentimita 2.7, saa 2 kwa 5.8, saa 3 kwa 10, saa 4 kwa 17.3. Ukuta wa magharibi hufanya kazi hiyo alasiri, kivuli kikipanda.

Angalia ukingo wa paa. Mabati yakichomoza sentimita 60 na saa ikiwa mita moja chini yake, jua litazibwa karibu na saa 4.

Misikiti ina jambo lake. Kibla cha Kisumu kinaelekea nyuzi kama 13 mashariki mwa kaskazini, hivyo kuta za pembeni za msikiti uliojengwa kwa kufuata kibla hazitazami mashariki na magharibi hasa. Usichore moja kwa moja ukutani. Funga bamba lako juu ya vipande vya mbao vilivyokatwa ili bamba, si ukuta, litazame mashariki kwa mujibu wa mstari wa Hatua ya 2.

## Alama ya Alasiri kwa msikiti

Saa ya uwanjani inaweza kubeba pia alama ya sala ya Alasiri, kama zilivyobeba saa za misikiti ya kale. Kabla ya kufunga ufito, uvishe nati moja ndogo na uikaze katikati kabisa. Weka nukta kwenye bamba chini ya nati hiyo kwa timazi; ndiyo nukta ya kupimia.

Kwa madhehebu ya Shafii, Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapozidi kivuli chake cha adhuhuri kwa urefu wa kitu chenyewe. Kwa nati iliyo sentimita 10 juu ya bamba, alama ni hizi. Tarehe 21 Machi na 23 Septemba: sentimita 10 mashariki mwa nukta, yaani juu ya mstari wa saa 9. Karibu na tarehe 20 Aprili na 23 Agosti: sentimita 11.6 mashariki na 3.1 kusini. Tarehe 21 Juni: sentimita 12.5 mashariki na 7 kusini. Kwa Februari 19 na Oktoba 23 tumia vipimo vya Aprili, na kwa Desemba 22 vipimo vya Juni, lakini upime kaskazini badala ya kusini.

Unganisha alama kwa mstari laini. Utapata umbo la mabawa mawili yanayokutana kwa pembe kwenye mstari wa saa 9, na pembe hiyo si kosa la kuchora, usiilainishe. Kivuli cha nati kikigusa bawa, wakati umeingia: saa 9 kamili ya jua mwezi wa Machi, na karibu saa 9 na dakika 26 ya jua mwezi wa Juni na Desemba. Wanaofuata madhehebu ya Hanafi huhesabu urefu wa kitu mara mbili, kwa hiyo alama hizi haziwafai. Kabla ya kuchonga, imamu na mwadhini wazilinganishe na ratiba ya msikiti kwa majuma kadhaa, wakikumbuka kuongeza dakika za mwezi huo.